Nilipoteza almasi ya mkwe wangu, ndipo nikayajua madaraja ya almasi

Wakuu, habari za mchana. Vijana wote nimeshawaitikia marahaba, msirudie huko chini mkajaza uzi. Wakubwa zangu kama mpo humu, shikamooni.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Sikupamba. Pale nilipokosea nimeandika kwamba nilikosea, na hapo ndipo pagumu kuandika.

Wiki iliyopita nilimwona kijana humu anauliza anunue almasi ya namna gani amvishe mchumba wake. Majibu aliyopewa mengi ni ya kubahatisha. Mmoja anamwambia apulizie pumzi tu, inatosha. Mwingine anamwambia kubwa ndiyo nzuri. Nikaona nikinyamaza nitakuwa mchoyo.

Mimi ni bibi. Naishi Same, huku milimani upande wa Mamba kwenye tangawizi. Shule niliishia darasa la nne. Kazi niliyofanya miaka mingi ni kuchambua tangawizi ghalani: hii daraja la kwanza, hii la pili, hii irudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo msinitafutie maneno ya kitaalamu. Nitaeleza nilivyoelezwa na mwenye kazi yake, na nilivyoona kwa macho yangu.

Twende.

Nina mtoto wa kiume, Elibariki, fundi umeme huko Dodoma. Kaoa binti wa Kisukuma kutoka Shinyanga, anaitwa Minza.

Niseme ukweli, sikumpokea vizuri. Nilitaka mkwe wa kwetu, wa kuongea naye Chasu, Kipare chetu, jikoni. Huyu alipokuja nilimsalimia, nikampa chakula, basi. Miaka minne tuliishi hivyo, kwa heshima, kila mtu na upande wake.

Alipokaribia kujifungua Elibariki alikuwa na kazi ya mbali, akamleta kwangu. Uchungu ukaanza, tukampeleka hospitali huko Gonja. Wakasema ni upasuaji.

Nesi akamwambia avue pete. Vidole vilikuwa vimevimba, ikabidi waitoe kwa sabuni. Ni pete ya dhahabu, katikati ina almasi moja saizi ya punje ya mtama, kushoto na kulia kuna vidogo viwili vimezidi ulezi kidogo.

Minza akanishika mkono, akanipa ile pete.

"Mama, kaa nayo wewe. Usimpe mtu mwingine."

Wakamwingiza ndani.

Naomba mwelewe jambo hili, maana uzi wote unasimama hapo. Miaka minne yule binti hakuwahi kunipa kitu chake nimshikie. Hata simu alikuwa anaweka kwenye pochi yake. Siku ile alikuwa na hofu, na mtu wa kumwamini pale nilikuwa mimi peke yangu.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Namshukuru Mungu.

Sasa pete. Nikaona nikiifunga kwenye pindo la khanga itafunguka. Nikaivaa kidole changu cha mwisho, jiwe nikaligeuzia kiganjani. Nikajiona nina akili.

Kesho yake nikarudi nyumbani kuchukua nguo na kupika. Kumbe ndiyo siku ya zamu yetu ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Wa huku mnajua, zamu ikikupita unasubiri mpaka izunguke tena. Nami nilikuwa na magunia matatu ya tangawizi yenye udongo, mnunuzi anakuja keshokutwa.

Nikakaa mferejini nikasugua tangawizi tangu saa tatu mpaka saa nane.

Nilipomaliza nikafungua kiganja. Pete ipo. Katikati pana shimo.

Nilitazama lile shimo kama mtu anayepapasa jino lililong'oka kwa ulimi. Unajua halipo, bado unapapasa.

Nikatoa tope lote la mferejini kwa ungo. Nikamwaga magunia yote matatu, nikapitia tangawizi moja moja, na kazi hiyo naijua. Hamna. Maji yalikuwa yameshashuka kwa jirani, kwa jirani wa jirani, mpaka kwenye maharage ya watu nisiowajua. Hilo jiwe mpaka leo liko shambani kwa mtu.

Nikaiweka pete kwenye kopo la majani ya chai, kabatini.

Minza akatoka hospitali siku ya tano. Tumefika nyumbani, hajakaa vizuri, akaniuliza.

"Mama, pete iko?"

Nikamjibu, "Iko."

"Kaa nayo tu, vidole bado."

Mnaona. Sikusema uongo. Pete ilikuwapo. Mimi ndiye niliyewapigisha magoti wajukuu wangu wote kwa maneno ya namna hiyo hiyo.

Kichwani nikapanga hivi: nitatafuta jiwe jingine mfano wa lile, nilipachike kabla vidole havijapungua, yaishe.

Lakini mfano wa lile ni upi? Hapo ndipo shule yangu ilipoanza.

Nikampigia Elibariki.

"Ile pete ya mkeo mlipewa na karatasi?"

"Tulipewa cheti. Vipi mama, unataka kuoa?"

"Nitumie picha yake WhatsApp. Na usiniulize."

Akatuma. Alidhani nataka kwenda kutamba kanisani.

Cheti kiliandikwa Kiingereza. Niliyoambulia ni haya: 0.30, halafu herufi J, halafu SI1, halafu neno Good.

Nikahesabu kwa vidole. A, B, C, mpaka J. La kumi. Damu ikanipanda. Ghalani kwetu daraja la kumi halipo, hata la nne halipo, hiyo wanakula ng'ombe. Nikasema mwanangu kamvisha binti wa watu jiwe la kutupwa, na mimi ndiye mama yake.

Kumbuka hili kosa, kijana unayetaka kununua. Nilisoma herufi bila kujua mwanzo wake uko wapi.

Nikamwachia jirani yangu Mama Anaeli amwangalie mzazi na mtoto. Nikaaga nakwenda mjini kwa shughuli za tangawizi. Nikashuka Same.

Hapo mjini kuna sonara mmoja, nitamwita Bi Zuhura. Duka aliachiwa na baba yake, na baba yake aliachiwa na wake. Ni mama wa makamo, hana maneno mengi. Nikamwekea pete mezani pamoja na ile picha kwenye simu.

Akaitazama kwa ile lenzi yao ndogo ya mkononi.

"Kikucha kimoja kililika siku nyingi, mama. Hivi vikucha ndivyo vinashika jiwe. Hata usingeosha tangawizi kingeachia tu."

"Nani kakwambia nilikuwa naosha tangawizi?"

"Pete inanuka."

Akasema almasi hakai nazo dukani, ataagiza kwa mtu wake Arusha alete mawe matatu ya kuchagua. Nirudi Alhamisi.

Alhamisi nikarudi. Akafungua vikaratasi vitatu vyeupe vilivyokunjwa kama vya dawa za zamani. Kila kimoja na jiwe lake.

Moja lilikuwa limezidi wenzake kwa uzito, 0.38. Nikalipenda hilo hilo. Kwetu tangawizi nzito ndiyo yenye thamani.

Nikalibeba na kikaratasi chake mpaka mlangoni, juani. Likawaka. Nikajaribu la pili, nalo likawaka. La tatu vile vile.

Bi Zuhura kasimama nyuma yangu, mkono mmoja chini ya kikaratasi, anaogopa nisirudie ya mferejini.

"Mama, juani hata kipande cha chupa kinang'aa. Rudi kivulini."

Niliona aibu, maana hilo nalijua. Tangawizi hatuichambui juani. Jua linaipa mbichi rangi ya kavu, ukija kufungua gunia siku ya tatu imeota ukungu. Tunachambulia chini ya bati, mlango wazi, mwanga wa kawaida. Nimewafundisha wasichana wangapi hilo, halafu mimi nakimbilia juani na almasi ya mtu.

Kwa hiyo jambo la kwanza: usinunue almasi juani, wala chini ya zile taa kali za dukani. Omba uiangalie kivulini, karibu na mlango au dirisha. Muuzaji akikataa, funga pochi yako.

Bi Zuhura akaanza kunielekeza. Ninaandika kwa maneno yangu.

Uzito wanaupima kwa karati. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kitu kidogo sana. Na hiyo karati wanaigawa pointi mia. Jiwe la Minza lilikuwa pointi thelathini.

"Sasa tazama hili lako la pointi thelathini na nane," akasema. "Liweke karibu na la thelathini. Lipi kubwa?"

Nikaangalia. Kwa juu yalikuwa sawasawa.

"Uzito wake mwingine uko wapi?"

"Tumboni," akasema. Akaligeuza ubavu. Kweli, lilikuwa na tumbo refu kwa chini kama pia ya watoto. "Aliyelichonga hakutaka kupoteza uzito, akaacha tumbo. Utalipia tumbo ambalo limefichwa ndani ya pete. Na halina uhai, angalia katikati."

Katikati palikuwa na kiza, kama kisima.

Hiyo ndiyo cut, yaani mchongo. Mwanga unaingia kwa juu, unagonga ndani, unarudi machoni kwako. Likichongwa refu mno mwanga unatorokea pembeni. Likichongwa bapa mno unapitiliza chini. Likichongwa vizuri unarudi wote. Bi Zuhura alisema kama pesa haitoshi, punguza popote ila mchongo usiuguse. Wanauandika Excellent, Very Good, Good, kisha Fair na Poor huko chini.

Nikaliweka pembeni lile la tumbo. Yakabaki mawili.

Rangi. Hapa nikamwuliza yangu.

"Hilo J si la kumi?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Hawaanzii A, mama. Wanaanzia D."

"A, B na C zilikwenda wapi?"

"Zamani kila mfanyabiashara alikuwa na A zake na B zake, watu wakachanganyikiwa. Walipotengeneza kipimo kimoja wakaziacha hizo, wakaanza upya na D."

Kwa hiyo D ni jiwe lisilo na rangi kabisa, kama maji ya chemchemi. Unashuka mpaka Z, hilo lina umanjano wa kuonekana na kila mtu. J ni la saba kutoka juu, na mbele yake yako mengi. Si jiwe la kulisha ng'ombe. Nikamwomba mwanangu msamaha kimoyomoyo.

Na namna ya kuitazama rangi ni hii. Unakunja karatasi nyeupe, unalifudikiza jiwe pale kwenye mkunjo, uso chini mgongo juu. Ukilitazama usoni ule mng'ao unakudanganya. Kwa mgongoni halina pa kujificha. Nikaona moja jeupe kabisa, la pili lina uvuguvugu, kama maji uliyochovya jani moja la chai ukalitoa haraka.

Lile jeupe lilikuwa E. La pili ni J.

Mwisho usafi, wanauita clarity. Jiwe linatoka ardhini, lina alama zake ndani, vidoa, vinyuzi. Wanalitazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Lisiloonekana kitu ndani ni IF, na juu yake kuna FL ambalo halina hata mkwaruzo kwa nje. Halafu VVS, doa la kutafuta hata kwa lenzi. Halafu VS. Halafu SI, kwa lenzi unaliona, kwa macho mara nyingi hulioni. Halafu I, hapo hata macho yanaona. Namba moja pembeni yake ni safi kuliko mbili.

Akanipa lenzi. Kwenye J niliona kidoa kama mbegu ya tumbaku, pembeni. Nikatoa lenzi, kikapotea.

Kwenye E, ambalo lilikuwa VVS2, nilitafuta mpaka jicho likatoa machozi. Sikuona kitu.

"Hilo tofauti yake utailipia," Bi Zuhura akasema, "na hutaiona tena mpaka ununue lenzi."

Halafu akanionyesha namba. Kiunoni mwa jiwe kumechorwa namba ndogo sana, kwa lenzi inasomeka, na namba hiyo hiyo iko kwenye cheti. Zisipofanana, hicho cheti ni cha jiwe jingine. Kijana, hapo usione haya kuomba lenzi. Pia cheti kinasema kama jiwe limetoka ardhini au limetengenezwa maabara. Yote ni almasi, bei ni mbalimbali, uambiwe mapema unanunua ipi.

Sasa kosa langu kubwa.

Bi Zuhura akasema, "Mama, chukua hili J. Limefanana na la zamani kama pacha."

Nikasema hapana. Nataka E.

Kwetu ukiazima debe la mahindi unarudisha debe lenye kilele. Ukimuulia mtu mbuzi wake kwa bahati mbaya, hupeleki mbuzi wa namna ile, unapeleka aliyenona. Nimelelewa hivyo. Sikuweza kupoteza kitu cha mtu halafu nirudishe saizi ile ile kama vile hakuna lililotokea.

"Mama, vidogo vya pembeni ni vya rangi ya J."

"Nani atavitazama vya pembeni?"

"Mimi nimekwambia."

"Na mimi nimesikia. Pachika."

Nilikuwa nimeuza mitamba wawili, nikalipa. Akapachika, akavitengeneza na vile vikucha. Chini ya taa ya mezani pete iliwaka yote kama moto. Akaniambia nisogee nayo mlangoni kivulini niitazame kwanza. Nikamwambia gari langu linaondoka.

Nikaitazama nyumbani asubuhi, ukutani kwa nje, upande ambao jua halijafika.

Mmeshawahi kuona paa la bati kuukuu lililotiwa bati moja jipya katikati? Ndivyo pete ilivyokuwa. La katikati jeupe linapiga kelele. Vya pembeni, ambavyo jana yake vilikuwa vizuri tu, vimekuwa vya manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Jiwe zuri nililolipia ng'ombe wawili lilikuwa limeichakaza pete nzima.

Na mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba hilo si la mwanzo.

Nikampigia Bi Zuhura. Hakunisimanga. Akasema J bado analo, nilete pete abadilishe, tofauti ya bei atanirudishia.

Kisha akanituliza. "Usiwe na wasiwasi. Tukiweka J hata mwenyewe hatajua."

Hilo neno lilinikaa vibaya.

Ghalani tulikuwa tunawarudisha watu nyumbani kwa jambo moja. Unaleta mbovu, tunaitoa, yanaisha. Lakini ukipanga nzuri juu na mbovu chini, hatupokei tena gunia lako. Hata mwaka unaofuata ukileta nzuri tupu, tunamwaga gunia mpaka mwisho.

Wakuu, E lilikuwa linanisaliti. J lingenificha. Mimi nilikuwa nimekaa pale na simu sikioni nachagua kati ya kusalitiwa na kufichwa, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililokuwa la kumwambia mwenye pete.

Mchana huo huo nikaenda chumbani. Minza alikuwa ananyonyesha. Nikaketi kwenye kigoda. Nikamwekea pete kitandani nikamweleza yote, mfereji, kopo la chai, Same, mitamba.

Hakunikatiza. Alimaliza kunyonyesha, akamweka mtoto begani, akampiga mgongoni mpaka akacheua. Ndipo akachukua pete akaitazama.

"Hili ni la bei kuliko langu."

"Ndiyo."

"Mama, jiwe lingeweza kunidondoka hata mimi, naosha vyombo. Hilo silo." Akairudisha pete kitandani. "Nilikuuliza pete iko, ukasema iko. Nimekuuliza mara tatu tangu nitoke hospitali. Ulikuwa unaniletea uji, unanijibu iko, unatoka."

Nikasema, "Ni kweli."

"Nilikuwa nimelala na mshono, nawaza angalau kwa mama nimeshafika."

Siku mbili hakuniita mama. Uji alikunywa, ahsante alisema, ila hakuniita jina lolote. Mimi ni mtu mzima, nimezika mume, sikujua neno moja linaweza kukosekana nyumbani likaacha nafasi namna ile.

Sikumbembeleza. Ningembembeleza ningekuwa namwomba anihurumie, na aliyeumia ni yeye. Nilifua, nikapika, nikamwogesha mtoto. Akiniuliza kitu namjibu kirefu, chote, hata asichouliza. Aliniuliza chumvi imebaki, nikampa habari ya chumvi, na sukari, na mafuta ya taa.

Siku ya tatu akatoka nje nilipokuwa nachambua maharage ya makande. Akasimama.

"Mtoto akimaliza arobaini, twende wote kwa huyo sonara. Nataka kuchagua mwenyewe."

"Tutakwenda."

"Na utanifundisha kutazama kama alivyokufundisha. Usinifiche daraja."

"Sifichi."

"Haya, mama."

Niliendelea na maharage. Nilikuwa natupa mazima na kubakiza mabovu, lakini niliendelea.

Arobaini ikaisha tukashuka Same, mtoto nimembeba mimi. Bi Zuhura akalichomoa E kwenye pete. Akaweka yote mawili, E na J, kwenye karatasi nyeupe, yamefudikizwa. Nikamwambia asitaje herufi.

Nikamwonyesha Minza. Usitazame juani. Tazama mgongo kwanza, ndipo usoni. Weka lenzi karibu na jicho, lete jiwe kwenye lenzi, usipeleke kichwa. Sasa toa lenzi, tazama kwa macho yako, maana hayo ndiyo utakayovalia. Sasa weka kila moja kati ya vile vidogo viwili.

Alichukua muda mrefu kuliko mimi. Bi Zuhura akamaliza kikombe cha chai.

Minza akasukuma moja kwa ncha ya kidole.

"Hili."

Lilikuwa J.

"Lile jingine ni zuri," akasema, "ila linawatia aibu wenzake."

Kisha akamgeukia Bi Zuhura kama anamsengenya mtu ambaye hayupo. "Nilipokwenda dukani na Elibariki nilichagua hivi hivi. Sikujua herufi. Nilitazama tu yanayokaa pamoja."

Kumbe jiwe nililomlaumu mwanangu kwa kulileta, alilichagua mwenyewe mvaaji.

Bi Zuhura akapima kidole. Kilikuwa kimeongezeka kidogo tangu uzazi, ikabidi pete ipanuliwe. Akasema hiyo si kazi ya saa moja, mtu arudi kuichukua keshokutwa.

Mimi nikatazama barabarani. Nilifikiri atasema Elibariki ataipitia akija likizo, au iachwe pale mpaka yeye mwenyewe apate nafasi. Ingekuwa haki yake.

Minza akafunga mbeleko, akampokea mtoto mikononi mwangu.

"Atakuja kuichukua mama," akamwambia Bi Zuhura. "Ila mfungie kwenye kikaratasi na ubandike gundi, maana akiivaa atapita nayo mferejini."

Bi Zuhura akacheka. Mimi sikucheka pale dukani. Keshokutwa nilikwenda, nikaileta mkononi, ngumi imefumbwa toka Same mpaka mlangoni kwangu, na gundi haikuguswa.

Basi wakuu, hayo ndiyo yangu.

Kwa kijana mnunuzi: mchongo kwanza. Rangi na usafi, nunua mpaka pale macho yako yanapotosheka, zaidi ya hapo unalipia lenzi. Kama pete ina mawe mengine, jiwe lifanane na wenzake, usilete la juu kuliko yote ukidhani ndiyo heshima. Soma namba ya kiunoni na cheti. Na kila baada ya muda mpelekee sonara atazame vikucha, kazi hiyo ni ya dakika tano.

Kwa wenye wakwe: umevunja kitu chake, mwambie siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa karibu wiki tatu, na hizo wiki tatu ndizo zilizomuuma kuliko jiwe.

Mwenye kujua zaidi kuhusu haya madaraja anisahihishe hapa hapa, nitashukuru. Mwenye swali aulize, nitajibu nikitoka shamba. PM sijibu. Na wewe unayetaka kuandika kwamba bibi wa Mamba hawezi kuwa na simu, njoo ghalani nikupe gunia uchambue.